Tandiko la Shemeji

Kila asubuhi nilimtandika punda wetu kabla jua halijapanda, nikamfunga madumu manne, mawili kila upande, tukashuka lamboni kuchota maji. Asubuhi ile hatukuvuka hata mlango wa ua. Alisimama ghafla, akapiga magoti, akalala chini. Madumu matupu yakagongana.

Baba ndiye aliyempa jina la Shemeji. Mama alipomuuliza kwa nini, alijibu kuwa shemeji hachapwi, hubembelezwa. Baba alifariki mwanzoni mwa vuli, mama akakaa eda, na kazi ya maji ikawa yangu. Nilikuwa nimerudi Kwedizinga na cheti cha chuo cha mifugo, nasubiri ajira.

"Mchape huyo!" Baba mdogo Mdoe alipaza sauti kutoka barazani. "Marehemu alimdekeza. Alhamisi, Sabiri muuza mchanga anakuja kutoka Old Korogwe kumnunua. Akasombe mchanga wa mtoni, atajua kulala ni nini."

"Naomba nimwangalie kwanza, baba mdogo."

"Umwangalie nini? Haya, muulize na kama amekunywa chai!"

Nilitabasamu nikitazama chini, kama kawaida yangu.

Alipoondoka nilifungua mzigo, nikamvua tandiko, nikapitisha kiganja mgongoni mwa Shemeji taratibu. Katikati, juu ya uti wa mgongo, ngozi ilitetemeka. Manyoya yalikuwa yamenyonyoka na chini yake palikuwa na kidonda kibichi.

Nikaelewa. Kabla ya arobaini ya baba nilisafisha ua wote kwa ajili ya wageni. Tandiko la zamani, alilolishona baba kwa koti lake kuukuu, lilinuka jasho. Niliona aibu, nikalichoma pamoja na takataka. Nikashona jipya kwa viroba, safi na bapa. Sasa ndipo nikakumbuka jinsi lile la baba lilivyokuwa: mito miwili ya nyasi, na katikati pengo, ili mzigo ukae mbavuni, usiguse uti wa mgongo. Chuoni nilisoma kupe, chanjo na magonjwa ya ng'ombe. Punda tulisoma siku moja, na siku hiyo mvua ilinyesha.

"Husna," mama aliita kutoka dirishani, "lile tandiko la koti la baba yako si lipo?"

"Lipo, mama."

Siku tatu nilibeba maji kichwani. Asubuhi na jioni nilikisafisha kidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kisha nikakaa chini karibu naye bila kumwita. Siku ya kwanza alinigeuzia makalio. Siku ya pili alininusa kilemba, akapiga chafya. Siku ya tatu, nikiwa nashona mito miwili ya nyasi, alikuja mwenyewe akaniwekea kidevu begani. Kilikuwa kizito. Sikujitikisa mpaka alipokiondoa.

Alhamisi, Sabiri alifika na kamba yake mkononi, mtu mpole, akamwamkia mama kupitia dirishani na kumpa pole ya msiba.

"Punda mzuri huyu. Ana kasoro gani?"

"Uvivu tu," alisema baba mdogo. "Wanasema shukrani ya punda ni mateke. Huyu hata hayo mateke anaona uvivu kuyapiga."

Wakacheka. Sabiri akainua kamba. Shemeji akarudi nyuma, akajificha mgongoni kwangu, nikasikia pumzi yake ya moto shingoni.

"Si mvivu," nilisema.

"Umesemaje?" baba mdogo aliuliza.

"Ameumia mgongo. Tandiko nililomshonea lilimchubua."

Sabiri alikisogelea kidonda, akakitazama, kisha akaanza kuikunja kamba yake polepole. "Mzee Mdoe, punda huyu hajakataa kazi. Kwa mgongo huu hata mimi ningelala."

Baba mdogo alinigeukia. "Na tandiko la marehemu? Kwa nini hukulitumia?"

Dirishani mama alikuwa ameshika nondo kwa mikono miwili, ananitazama. Ningeweza kusema limepotea.

"Nililichoma, mama. Lilikuwa linanuka, nikawaonea aibu wageni, nikalichoma moto koti la baba. Halafu nikakwambia lipo. Shemeji hana kosa lolote. Kosa ni langu, na nilimwacha yeye alibebe."