Nisogelee, Mama Watoto

Tangu nahodha azikwe, boti yake ilishika kiburi. Leo inawaka, kesho ufunguo unazungushwa mpaka vidole vinauma na stata kimya kama maji mtungini. Watu wa kivukoni, ambao midomo yao haijui likizo, wakasema marehemu hajaridhika. Loo! Kana kwamba marehemu hana kazi nyingine huko aliko ila kuwazuia abiria wasivuke.

Binti yake, aliyerithi usukani pamoja na hasira za baba, alisugua ncha za betri, akabadilisha nyaya, akaifungua stata yote. Wapi! Ila jambo moja lilimkera: mama yake akiwamo, injini haikugoma hata siku moja.

Mama mtu hilo halikumshangaza. Miaka yote alikaa kando ya usukani, na mumewe, kabla ya kugusa ufunguo, alimwambia, "Nisogelee, mama watoto." Abiria walicheka, wakamwita bwana harusi. Naye alisogea, bega kwa bega, injini ikanguruma. Hakuwa mtu wa maneno matamu yule. Nyumbani hata "asante" ilimtoka kwa shida. Neno lile moja ndilo alilomwachia mkewe, na mjane alilala nalo kila usiku.

Asubuhi hiyo binti alimwomba akae vilevile alivyokaa na baba. Akazungusha ufunguo, ikawaka. Akazima.

"Sasa simama, mama." Akajaribu tena. Kimya. Binti akainama, akapapasa mkono wa gia, kisha akaupiga kofi.

"Alaa! Ni swichi ya gia. Gia isipokaa fri, pale katikati kabisa, umeme haufiki kwenye stata. Na swichi hii imelegea, haishiki mpaka mkono ukandamizwe. Wewe ukisogea hapa, nyonga yako inaukandamiza mkono, swichi inashika." Akaangua kicheko. "Kumbe mzee alikuitia hayo! Mama, ulikuwa spea!"

Mjane hakucheka. Uchungu ulimpanda kuliko siku ya mazishi. Kumzika mumewe alishamzika, sasa hata neno lake anyang'anywe?

"Mama, natania tu."

"Najua, mwanangu. Tengeneza boti, watu wanangoja."

Binti, aibu imemshika, akalifungua sanduku la vifaa la baba kutafuta bisibisi. Chini kabisa, chini ya spana na matambara ya oili, palikuwa na pakiti haijafunguliwa, imejaa vumbi. Ndani yake mlikuwa na swichi ya gia, mpya, ya aina ileile.

Wakatazamana. Mzee huyohuyo ambaye skrubu ikilegea hapati usingizi! Ugonjwa aliujua, dawa alikuwa nayo, akaifukia sandukuni.

"Nisiifunge?" binti aliuliza kwa sauti ya chini.

Mjane alikuwa analia waziwazi. "Ifunge. Boti ni ya kuvusha watu."

Ikafungwa. Abiria wakapanda. Binti aliposhika ufunguo, mama yake, bila kuitwa na mtu, akasogea mpaka bega likagusa bega.