Siku Badru Alipokaa Jukwaani

Ruchugi Stars ilikuwa inaburuza mkia katika ligi ya daraja la kwanza, na watu wa Kasulu walikuwa wameshachoka hata kuitania. Msimu ulipoanza walikodi mabasi kuifuata Kibondo, ambako ilichezea mechi zake za nyumbani wakati uwanja wa Kasulu unapandwa nyasi mpya. Mvua za Machi zilipoingia, mabasi hayo yalikuwa yamekoma. Timu ikawa inasafiri peke yake, inafungwa mbele ya watu wa Kibondo, inarudi.

Mtu ambaye hakukata tamaa ni nahodha, Badru. Alikuwa beki wa kati, mrefu, miaka thelathini na mitatu, mtoto wa mwenye duka la vitambaa pale Kasulu. Baba yake alitoka Tanga zamani akaoa na kutulia huku bara, lakini Badru mwenyewe alipelekwa utotoni kukaa kwa baba yake mdogo Tanga, akasoma huko na kucheza mpira huko. Aliporudi kuichezea timu ya kwao, Kiha chake, lugha ya wenyeji, kilikuwa cha salamu tu. Siku ya kwanza ya mazoezi aliwaambia wenzake kwamba uwanjani ni Kiswahili peke yake. Kulikuwa na vijana wa Dar na wa Mbeya, kulikuwa na wenyeji, naye aliona lugha moja itawafanya wawe kitu kimoja. Hakuna aliyebisha. Tangu hapo sauti iliyosikika uwanjani ilikuwa yake. Alimpanga beki wa kushoto, alimwita kiungo, alimfokea winga aliyekuwa upande wa pili kabisa. Mechi ikiisha alikuwa hana sauti.

"Nyinyi ni mabubu?" aliwauliza siku moja chumba cha kubadilishia nguo, baada ya kufungwa tena. "Nipige kelele peke yangu mpaka lini?"

Wote walitazama viatu vyao. Aliyeinama kuliko wote alikuwa kipa, Hatungimana, kijana wa Kagerankanda. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi kama wakimbizi, wakapewa uraia, wakawa wakulima. Mikono yake ilikuwa mizuri ajabu, ila mdomo wake haukufunguka. Bao la siku hiyo lilikuja kwa sababu hiyo hiyo. Mpira ulidunda katikati yake na Badru, kila mmoja akadhani mwenzake anauchukua, mshambuliaji akapita kati yao akaugusa ukaingia.

Wiki iliyofuata likatokea jingine la namna hiyo, na safari hii Badru alimalizia hasira zake kwa refa. Akapewa kadi nyekundu. Mechi inayofuata asingecheza, wala asingeruhusiwa kukaa benchi.

Angeweza kubaki nyumbani. Lakini siku ya mechi alipanda basi na wenzake mpaka Kibondo, na walipofika akavaa kofia ya baraghashia, akalipa kiingilio kama mtu mwingine, akakaa jukwaani. Jirani yake alikuwa mama mmoja wa makamo aliyejifunga kitenge cha zambarau, ana karanga kwenye mapaja na mwavuli pembeni.

Kipindi cha kwanza kilimuumiza. Kila mpira ulipokuja, mabeki waligeuka kutazama mahali ambapo yeye husimama. Beki aliyewekwa nafasi yake, Reverien, mwenyeji wa Makere, alikuwa na nguvu lakini alizubaa kama aliyeachwa stendi. Wapinzani walipiga mwamba. Badru alitaka kusimama apaaze sauti, akajishika.

Kabla ya mapumziko ikapigwa krosi ndefu. Reverien aliruka kuufuata mpira, na nyuma yake kulikuwa na mshambuliaji anayesubiri ateleze tu. Ndipo sauti ikatoka golini, nzito, ya mtu aliyeshtuka:

"Reka!"

Acha. Reverien akauacha, akainama, na Hatungimana akatokea juu yake akaudaka kwa mikono miwili.

Jukwaa zima likacheka kwa furaha. Ni neno la nyumbani kwao, la Kiha na la Kirundi vilevile, neno ambalo mama humwambia mtoto anayegusa chungu cha moto, na hawakutegemea kulisikia kwenye ligi. Hatungimana mwenyewe alionekana kama ameiba kitu. Alitazama benchi, alipokaa kocha Makarius. Alitazama jukwaani pia, lakini hakumwona Badru chini ya ile baraghashia.

Baada ya mapumziko ilikuwa timu nyingine. "Inyuma!" kipa aliita, na beki wa kulia akageuka akamkuta winga anayemnyemelea. "Ndaje!" Reverien alijibu, na akaja kweli. Wale wa Dar hawakujua Kiha, lakini kelele zikawaambukiza, wakaanza kuitana kwa Kiswahili chao cha mtaani, oya, mwanangu, geuka, peke yako. Twalibu, kiungo wa kutoka Mbeya ambaye Badru alikuwa hajawahi kumsikia akisema zaidi ya "sawa kapteni", alikuwa anapiga makofi na kupanga watu. Hawakupata bao, na hawakufungwa. Tangu msimu uanze walikuwa hawajawahi kumaliza mechi bila kufungwa.

Mama wa kitenge alimgeukia Badru akampa karanga.

"Leo angalau," alisema. "Yule wao mrefu wa kupayuka hayupo. Wamepata nafasi ya kusikilizana."

"Ni nahodha wao, mama," Badru alisema.

"Najua. Si mchezaji mbaya. Ila nyumba yenye msemaji mmoja, wengine wanakuwa wageni."

Badru alizitafuna zile karanga bila kuonja chochote.

Njiani kurudi, wachezaji waliimba. Basi lilipita njia panda ya Nduta, likateremka na kupanda vilima, na kila aliyekumbuka kitu cha mechi alikisimulia kwa mikono. Badru alikaa kiti cha mbele karibu na dereva. Walimpa pole kwa kukosa mechi, naye akaitikia, akageuza uso dirishani.

Nyumbani mke wake, Firdausi, alimwekea chakula akaona hali.

"Mmefungwa?"

"Sare. Wamecheza vizuri."

"Basi mbona hivyo?"

"Wamecheza vizuri bila mimi, Firdausi. Nilikuwa nasema kila siku timu hii ina tatizo, inakosa kitu. Sikujua kinachozidi ni mimi."

Firdausi hakuharakisha kumfariji. Alikaa akamega tonge, wakala pamoja. "Umemuuliza yeyote kati yao," alisema baadaye, "au umejijibu mwenyewe tena?"

Neno hilo lilimkera, na asubuhi lilikuwa bado linamkera, kwa hiyo alipanda pikipiki akaenda Kagerankanda.

Aliisikia sauti ya Hatungimana kabla hajamwona. Familia ilikuwa inapakia magunia ya mahindi kwenye lori, na kipa, amesimama juu ya lori, alikuwa anawaongoza ndugu zake na shemeji zake kama jemadari, huyu apishe, yule ainue, wewe usilale. Alikuwa anafoka, anatania, anacheka kwa sauti. Badru alizima pikipiki akabaki anatazama. Hakuwa amewahi kumjua mtu huyu.

"Mwakeye," alimsalimia mama wa nyumba, Immakulata, kwa kile Kiha chake kidogo.

Mama alifurahi, akamjibu kwa maneno mengi ambayo Badru hakuyaelewa, kisha akamhurumia akarudi kwenye Kiswahili. "Wewe ndiye kapteni? Karibu, mwanangu. Tunakusikia kwenye redio, mtangazaji anasema sauti yako inafika mpaka kwake."

"Mama, huyu kijana wako huko uwanjani hasemi."

"Huyu?" Immakulata alishika kiuno. "Huyu hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni!"

Hatungimana alikuwa ameshamwona na ameshashuka, anajifuta vumbi, amerudi kuwa yule mpole. Walikwenda kukaa kwenye magogo pembeni ya shamba. Badru hakujua aanzie wapi, akaanzia katikati.

"Jana nilikusikia kutoka jukwaani."

Kipa aliinamisha kichwa. "Kapteni, nisamehe. Ilinitoka tu. Najua ulikataza."

"Sijaja kukugombeza. Nataka kujua kwa nini husemi nikiwepo."

"Niseme kweli?"

"Sema."

Hatungimana aliokota gunzi la mahindi akalizungusha mkononi. "Kiswahili nakijua. Tukikaa hivi naongea. Lakini mpira unakuja kwa kasi, kaka. Mtu akiungua hatafuti neno, analia kwa lugha ya mama yake. Mimi nikitafuta neno, mpira umeshapita." Akaliweka gunzi chini. "Na hata nikilipata, wewe umeshasema. Unasema mbele, unasema nyuma, unasema hata mahali usipopaona. Mimi nasimama golini, nauona uwanja wote. Wewe mgongo wako hauoni. Lakini nitamwambiaje nahodha kwamba haoni?"

Badru alikuwa na jibu, tena jibu zuri, la miaka aliyocheza na timu alizochezea. Akaliacha.

"Bora nisirudi basi," alisema, na hata yeye alisikia kwamba alikuwa anaomba kubembelezwa.

"Hapana!" Hatungimana alisema haraka. "Jana walipiga kona tukaokolewa na mwamba. Ungekuwepo ungeupiga kichwa. Reverien ana nguvu, lakini anaruka kabla ya mpira. Tunakuhitaji, kaka. Rudi tu ucheze."

Rudi tu ucheze. Badru alirudi Kasulu akiwa na neno hilo na gunia dogo la mahindi mabichi ambalo Immakulata alilifunga kwenye pikipiki kwa nguvu bila kusikiliza shukrani.

Alimkuta kocha Makarius uwanja wa mazoezi, akamweleza yote. Kocha alivua kofia akajikuna kichwa.

"Niliona," alikiri. "Tangu raundi ya kwanza niliona."

"Na hukuniambia, mwalimu?"

"Ningekuambia saa ngapi? Kila nikifungua mdomo, wewe unamalizia sentensi."

Walitazamana, kisha wakacheka, ingawa kicheko cha Badru kilikuwa na uchungu. Jioni hiyo mbele ya timu nzima alivua kitambaa cha unahodha akamfunga Hatungimana mkononi. Alisema kila mtu aite kwa lugha itakayomtoka kwanza, na kwamba yeye ndiye atakayejifunza. Reverien akaambiwa amfundishe. Vijana wa Dar nao wakasogea, wakawa wanayarudia yale maneno kwa lafudhi iliyomfanya Reverien aanguke chini kwa kucheka.

Kunyamaza kulimtesa Badru kuliko mazoezi yoyote. Mara mbili tatu alifungua mdomo, mpira ukampita wakati anameza maneno. Alishangaa kugundua kwamba akikaa kimya anasikia viatu vya mshambuliaji nyuma yake, anasikia pumzi, anaruka akiwa hajachoka.

Mechi ya kurudi kwake walicheza na timu ya Tanga, na baadhi ya wapinzani walikuwa wamekua naye mitaani kule. Watu wa Kibondo walijaa kuliko siku zote. Habari zilikuwa zimeenea kwamba kuna timu inacheza mpira kwa Kiha, nao walikuja kuisikia kabla ya kuitazama. Hata hivyo dakika za mwanzo Ruchugi walifungwa. Wenzake wote walimgeukia Badru kwa mazoea, wakimsubiri afoke. Alimwonyesha kidole kipa. "Msikilizeni huyo," alisema, akarudi mahali pake.

Kipindi cha pili ukaja mpira mrefu wa juu. Badru alirudi nyuma akiukimbilia, anasikia mtu anamhemea mgongoni. Miaka yote ya mpira ilimwambia aupige utoke nje.

"Reka!"

Akauacha. Ulikuwa muda mfupi tu, lakini aliuhisi mrefu, akiwa hana cha kufanya ila kuamini. Mpira ukapita juu ya kichwa chake ukaingia mikononi mwa Hatungimana, naye hakuukalia. Aliurusha kwa Twalibu, Twalibu akaita, akaitikiwa, pasi moja, ya pili, na winga akausukuma wavuni. Uwanja ulilipuka. Dakika za mwisho wakapata kona. Kipa akamwita Badru kwa jina, akamwonyesha goli la wapinzani. Badru alipanda mbele, akasubiri, akaruka kwa wakati wake na kuupiga kichwa ukaingia chini, kando ya nguzo. Mbili kwa moja.

Hawakuchukua ubingwa mwaka ule. Mechi iliyofuata walifungwa ugenini, na nyingine wakatoka sare, na mara mbili kocha alimwanzisha Reverien, Badru akakaa benchi akinuna kidogo na kupiga makofi sana. Lakini walipanda ngazi moja moja, na mechi ya mwisho ya Kibondo ilipoisha walikuwa wamebaki kwenye ligi.

Siku hiyo basi lilisimama Makere, ndugu za Reverien walikuwa wamewaandalia ndizi na nyama. Walikula wamesimama, kila mtu anaongea, kila mtu anambishia mwenzake lile bao la mwisho lilikuwa la nani. Badru alikuwa na maoni yake. Alisubiri zamu yake, na ilipofika, Twalibu akamkatiza, na wote wakacheka, naye akachukua ndizi nyingine akaendelea kusikiliza.