Kamba ya Nyuma

Haya nilisimuliwa na mke wa msuka kamba mwenyewe, mwaka ule mjukuu wangu wa kwanza alipokuwa anang'oka meno ya mbele. Tulikuwa tumekaa jikoni kwangu tunachambua maharage. Alisimulia polepole, huku hakuna punje mbovu iliyompita, nami nayaandika kama alivyoyasema.

Msuka kamba na mkewe walikuwa na mashua ya tanga moja. Miaka tisa walikwenda kwa desturi yao: kamba ya mbele anafungua mume, ya nyuma anafungua mke, na hakuna anayegusa ya mwenzake. Asubuhi moja, saa kumi na mbili, uchungu ulikuwa umeshamshika mke. Kisiwani hapakuwa na mkunga. Kivuko kiliposimamishwa, mkunga naye alihamishwa, zahanati ikabaki na kufuli lake. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa nusu ya njia, ndani ya mashua hiyohiyo, na hakulia. Kwa hiyo safari hii walitaka kuwahi hospitali ya kisiwa kikubwa.

Mume alifungua kamba ya mbele, akapandisha tanga. Mke aliketi nyuma ameshika tumbo. Kuinama hakuweza, wala hakukumbuka kwamba alitakiwa ainame. Na kamba hiyo ya nyuma ndiyo ile mume aliyoisuka kwa ajili ya kivuko, nene kama mkono wa mtu mzima. Kivuko hakikuja kuichukua, naye hakupenda kazi yake iozee ghalani.

Saa nne mke akasema, "Kisiwa hakipungui."

"Upepo ni mdogo," mume akajibu bila kugeuka.

"Upepo si mdogo. Namwona mama yako anaanika nguo. Naona mpaka vibanio."

Mume akageuka. Kisiwa kilikuwa nyuma yao, hatua kama themanini, kinakuja taratibu pamoja na gati lake, tangi la maji na paa la shule. Pembeni mwake palikuwa na povu jembamba. Mama mtu aliweka beseni chini, akaja mpaka ukingoni mwa gati.

"Nyie, mmesahau kamba," alisema.

"Ya nyuma si yangu," mume alisema.

"Ulitaka nijikunje na tumbo hili?" mke akauliza.

"Mtagombana mkifika. Lakini usiikate, mwanangu. Ukikata tutabaki hapa katikati ya maji, na mimi kuogelea sijui."

Mume hakukata. Ila kisiwa kilikuwa kizito, na kwa mwendo ule wangefika jua limezama. Uchungu ulikuwa unakuja kwa kukaribiana.

"Mama, huyu hatangoja," mke alisema. Alisema mara moja tu.

Mama mkwe akaingia nyumba ya jirani, akatoka, akaingia ya pili. Haukupita muda shuka zikawa juu ya mapaa, na mapazia, na turubai la dukani, na kitambaa cha meza cha mwalimu mkuu. Mwalimu aliwatoa nje darasa la tano wakashike pembe za turubai, akaendelea kuwafundisha kugawanya palepale walipo. Upepo ukajaa. Kamba ikalegea.

"Sasa nyie ndio mnatuchelewesha," mama mkwe akasema.

Akaivuta mashua mpaka gatini, majirani wawili wakimsaidia, akamshika mkwewe mkono akampeleka nyumbani. Mke akajilaza kitandani mwake mwenyewe, safari ikiendelea. Mume akatangulia tena na mashua, maana yeye ndiye aliyejua njia.

Saa nane mchana waliingia bandari ya kisiwa kikubwa. Kivuko kilikuwepo, kimefungwa, kimepakwa rangi mpya. Karani wa bandari akatoka na daftari.

"Mko wangapi?"

"Mashuani niko peke yangu. Wengine mia tatu na kumi na mmoja wako kisiwani."

Karani alitafuta safu ya visiwa, akaikosa, akaandika kwenye safu ya mizigo. "Mwisho kesho saa sita. Hapa haviegeshwi vitu vikubwa."

Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara tu. Mkunga hakungoja mgonjwa aletwe. Alivuka kwa ubao na mkoba wake, akauliza ni mlango upi, akaonyeshwa. Saa tisa na robo alizaliwa mtoto wa kike, akalia mpaka darasa la tano likapoteza hesabu.

Mama mkwe alikaa chini palepale mlangoni. "Sauti ya babu yake hiyo," alisema. "Tumekwisha."

Kilio kilimfikia mume akiwa bado na karani. Alingoja kidogo asikie kama kitarudiwa. Kilirudiwa. Akafuta uso kwa kiganja, kisha, kwa kuwa mwenye kujibu alikuwa mbele yake, akauliza, "Na kivuko kitarudi lini?"

Karani alikuwa ameegemea tangi la maji la kisiwa chao, anajipepea kwa daftari.

"Hakirudi, bwana. Imeandikwa kisiwa chenu kiko mbali mno."

"Mbali na wapi?"

"Na hapa," karani akasema. "Hongera ya mtoto."

Mume akamwacha hapo. Alikuwa na mtu wa kwenda kumwona.

Chumbani mtoto alikuwa amelala, ngumi moja shavuni. Mkunga alishafunga mkoba na kurudi kwake. Mama mkwe alikuwa amesinzia kwenye kiti, mdomo wazi.

"Upepo wa kesho?" mke akauliza.

"Wa mbele."

"Basi tutarudi polepole," akasema, akageukia ukutani, akalala.

Mume alitandika mkeka chini, ubavuni mwa kitanda, jua la saa kumi likiwa bado dirishani. Alilala chali akasikiliza. Pumzi za mtoto zilikuja, zikaenda, zikaja tena, zenyewe, bila mtu kuzivuta. Alizifuata kwa muda mrefu ili awe na hakika, na katikati ya kufuata huko usingizi ukamchukua.