Dakika Tatu za Asankul

Dakika tatu ziliisha kabla Asankul hajatamka neno maji. Simu ya kijiji ilipitia setilaiti ya kukodi, mali ya watu wa mbali, na kijiji kilipewa dakika tatu tu kwa siku, saa sita mchana. Aliyepokea ng'ambo ya mpaka, chini bondeni Jirgatol, alikuwa Mamat, baba mkwe wa binti yake. Mkwe humrukii na habari hivi hivi. Unamuuliza hali ya watu wake, unamuuliza ya mifugo, unarudi kwa watu, naye anakuuliza ya wako. Asankul alikuwa amefika kwenye kuulizia farasi laini ilipokatika.

Akamtuma mtu kwa farasi. Mto uliofurika ulikuwa na mbio zaidi, ukafika bondeni kwanza. Binti yake alinusurika juu ya paa.

Mwezi mmoja baadaye wahandisi watatu, mmoja kutoka kila moja ya nchi tatu zinazopakana, walikaa kwenye zulia lake wakinywa chai ya maziwa. Walikuwa wakiamua kama nchi zao zirushe setilaiti moja ya pamoja, na kama kijiji chake kipewe kituo cha simu.

"Mzee, si ungesema tu, maji yanakuja?" aliuliza Ilhom wa Tashkent.

"Wewe umeoa?"

"Nimeoa."

"Ukimpigia baba mkweo unaanza na mafuriko?"

Mehrangez, mhandisi wa Dushanbe, alicheka hadi akaweka bakuli chini. "Huyu hampigii kabisa, baba. Anamwogopa."

Ilhom alikunja uso. "Tukodi dakika zaidi. Ni nafuu kuliko kurusha chombo."

Asankul alimega mkate. "Siku ile nilikosea. Nilipaswa kupiga kelele. Lakini mwenye chombo ndiye anayeamua lini nifunge mdomo. Kwa Mamat ni nusu siku kwa farasi. Sauti yangu ilipanda juu, ikashuka Ulaya, ikapanda tena, ndipo ikamfikia. Imesafiri kuliko mimi! Hapa tuko nyumba ishirini, na hakuna anayeweza kuajiri mchungaji peke yake. Tunaunganisha mifugo, tunachunga kwa zamu. Leo kondoo wangu wako na mwanamke ambaye hatusemezani naye. Jioni atawarudisha wote."

"Na mkiwa na laini yenu, utaanza na maji?" aliuliza Ilhom.

"Maji kwanza. Kisha nitamsalimia mkwe wangu mpaka nichoke, na asinikatie mtu."

Mehrangez alifungua daftari. "Nipe hasara ya siku ile, baba. Hii ndiyo watakayoisoma wakubwa kule juu."

"Andika, mwanangu."

Mzee alihesabu kwa vidole, polepole, asiruke kitu. Daraja moja. Nyumba nne. Farasi sita. Kondoo mia moja na saba. Mtu mmoja, Aychurok, jirani wa Mamat, aliyerudi kumfungua ng'ombe wake. Ng'ombe alipatikana hai.