Sangara Aliyevuta Kivuko

Haya yote ni kweli tupu, na anayebisha akalinywe ziwa kwanza, likiisha arudi tubishane.

Revocatus, mstaafu wa kivuko cha Kigongo, alikuwa mwongo mwenye kibali. Kibali alipewa na mkewe, Wilhelmina, kwa sharti moja: akinaswa, mzee mzima anakaa kibarazani kwao Mkolani, majirani wakimwona, anapara samaki wa siku hiyo.

Kisa alichokipenda ni cha injini kuzima katikati ya maji. "Sangara mmoja akaingiza kichwa kwenye kamba, akatuvuta mpaka ng'ambo, Busisi, magari na ng'ombe juu!"

"Mlivutwa na boti," Wilhelmina angesema bila kuinua macho. "Na wewe ulikuwa unatapika. Kisu kile pale."

Siku moja alikisimulia tena mbele ya wageni. Wilhelmina akatabasamu. "Huyo samaki alikuwa na nguvu kweli."

Wageni walicheka. Revocatus hakucheka. Mkewe alishaanza kutia mboga chumvi mara mbili na kuwaita wajukuu kwa majina ya shangazi zao. Watu wakasema uzee; jirani yao Paskazia akasema mkono wa mtu. Lakini kumkubali sangara? Asubuhi akampeleka hospitali.

Picha ya kichwa ilionyesha uvimbe umeukandamiza ubongo upande wa mbele.

"Si kila usahaulifu ni uzee, mzee wangu," daktari alisema. "Huu si saratani, tutautoa. Ila kumbukumbu siahidi. Nyingine zitarudi, nyingine ndiyo basi."

Baada ya upasuaji Wilhelmina alirudi nyumbani na kitambaa kichwani, mpole kama mgeni.

"Baba Elias, harusi yetu ilikuwaje?"

Revocatus sasa angeweza kujipa suti, gari, hata askofu, nani angembishia? Ajabu, uongo wa bure haukuwa na ladha, kama ugali bila mboga.

"Mvua ilinyesha," akasema. "Viatu niliazima, vikanibana. Ukanicheka kanisani."

"Nilikucheka?"

"Mpaka padre akakohoa."

Ikawa hivyo kila siku: mama anauliza, mwongo anajibu kweli. Kumbe kutunza ukweli wa watu wawili peke yako ni mzigo. Kisa cha sangara tu ndicho hakukigusa. Alikiogopa.

Ndipo Paskazia akaja kumjulia hali mgonjwa, na sato kwenye beseni. Revocatus akajikaza, akaanza kusimulia, macho kwa mkewe. "...akatuvuta mpaka Busisi!"

Wilhelmina akakunja uso kama mtu anayepapasa uvunguni.

"Boti," akasema taratibu. "Ilikuwa boti. Na kuna mtu alitapika."

"Nani, Mama Elias?" Revocatus akauliza.

"Sikumbuki. Ila kisu najua kilipo."

"Umepatikana, shemeji!" Paskazia akapiga vigelegele.

Revocatus akabeba beseni mpaka kibarazani. Akapara, magamba yakimrukia ndevuni, na sato walipokwisha akauliza kama hakuna wengine.