Debe Lililoota Moto

Ziwa lilipopanda kule Bangwe, lilichukua jiko la marehemu mama yake Verediana pamoja na mchikichi uliokuwa mlangoni. Verediana aliokota chikichi za mwisho, akapanda nazo hadi Manyovu alikoolewa, huko milimani ambako hata kuku wanatamani sweta. Akazifukia kwenye debe la udongo, akaliweka uani. Miezi ikapita, debe kimya. Ukiugusa udongo wake, baridi kama maji ya mtungi.

Ikabidi ashuke Simbo kumsaidia baba yake kuhamia nyumba mpya. Mzee alikuwa na ombi moja tu: mti wa mkewe usimame tena mlangoni. Mbegu nyingine hazikuwepo.

Kabla ya kuondoka, Verediana alimwita mama mkwe wake, Bi Yunisi. Huyu Kiha alizaliwa nacho. Kiswahili alikipata ukubwani, na neno alilolishika hakuliachia.

"Mama, naomba unioteshee mbegu zangu."

"Nitaziotesha, mwanangu. Nenda kwa amani."

Kule Simbo, kila akipiga simu, aliuliza, "Mama, zimeota?"

"Zinaota! Tangu asubuhi zinaota."

Baba yake aliposikia hivyo, alichukua jembe akachimba shimo siku hiyo hiyo.

Verediana aliporudi Manyovu alikimbilia uani. Debe halipo! Alilikuta jikoni, juu ya tofali kando ya mafiga, limevishwa gunia, majivu ya moto yamelizunguka. Bi Yunisi amekaa ubavuni mwake, yeye na debe wanaota moto.

Hata shikamoo ikasahaulika. "Mama! Unazichoma mbegu za mama yangu?"

"Nizichome? Si uliniambia nizioteshe? Naziotesha moto! Naweka mkono kwenye udongo. Ukizidi joto nalisogeza, ukipoa nalirudisha. Kuni zangu zote zimeliwa na hawa wageni wako."

Verediana alishika kichwa. Kumbe alikuwa akiuliza mengine na kujibiwa mengine, na kule Simbo shimo liko wazi. Akalifunua gunia aione hasara yake, akaingiza vidole udongoni. Vuguvugu, kama udongo wa Bangwe mchana. Kidole kikagusa kitu kigumu. Akafukua taratibu: chipukizi, jeupe, lenye ncha. Na pembeni yake jingine. Chikichi ni mtoto wa joto. Pale uani angezisubiri hadi Kiyama.

Alimpigia baba yake palepale. "Baba, hilo shimo usilifukie." Kisha akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake. "Asante, Mama. Umenirudishia mama yangu." Akalia bila aibu.

Bi Yunisi hakujua alikosea wapi wala alipatia wapi. Alichoona ni mtoto ametoka safari, analia, na mikono yake ni ya baridi. Akamsogezea kigoda karibu na debe.

"Basi, mwanangu. Kaa hapa, nawe uote."