Meneja Hasemi Mbele ya Watu

Katika ukoo ule hakuna mtu anayekwenda hospitali peke yake. Ukiumwa jino, unasindikizwa. Ukienda kutolewa nyuzi za kidonda cha kidole, nyuma yako kuna shangazi kabeba mkoba, bibi kabeba dua, na daktari akiuliza swali, anayejibu ni yule mwenye mdomo mwepesi. Upendo, wanasema. Haya, na uwe upendo, lakini una makelele.

Ndiyo maana msichana wa miaka kumi na mmoja, yule waliyempa jina la Meneja, alipopelekwa kwa mshauri nasaha kwa mara ya kwanza aliingia na ujumbe mzima kama watu wanaokwenda kuposa. Mbele alitangulia shangazi yake, karani wa mahakama, mwanamke ambaye hata akikuuliza saa unajihisi umekula kiapo. Akafuata bibi. Akafuata mama, mwenye bucha, ambaye mtaa wote unamwita Mama Bucha na hakuna anayethubutu kumbishia kuhusu mizani yake. Mtoto mwenyewe aliingia wa mwisho, na kiti kilichobaki kilikuwa cha pembeni kabisa, karibu na pipa la taka.

Jina la Meneja lilianza kama mzaha. Alikuwa bado mdogo alipoanza kumkumbusha bibi vidonge vyake vya presha. Kisha akawa ndiye anayewavalisha wadogo zake pacha asubuhi, ndiye anayejua ufunguo wa stoo uko wapi, ndiye anayejua mtungi wa gesi unakaribia kwisha. Baba yake, dereva wa lori la masafa marefu, kila akipiga simu humwambia, "Meneja, nyumba iko mikononi mwako." Na shuleni alikuwa wa kwanza. Watu walimsifu, na kila sifa ilikuja na kazi yake.

Mpaka asubuhi moja ya mtihani akaweka kalamu juu ya meza na kukataa kuiokota. Hakulia wala hakusema anaumwa. Alirudi nyumbani, akaingia ndani ya kabati la nguo bila hata kuvua viatu vya shule, akavuta mlango. Tangu hapo shule haendi, chakula anakidonoa tu, na ukimgusia habari za darasa anarudi kabatini.

Shule ilisema aende kwa mshauri. Shangazi alisema bweni. Shangazi ana dawa moja kwa kila ugonjwa, nayo ni kunyoosha. Akampigia kaka yake, baba wa Meneja, na kaka, ambaye hajawahi kumshinda dada yake tangu wakigombania mto wa kulalia, akakubali: muhula ukifunguliwa mtoto hajarudi darasani, anakwenda bweni. Mama Bucha alipoambiwa, aliogopa. Mtoto anayejificha kabatini ndani ya nyumba ya mama yake, ukamlaze na watoto mia asiowajua, si utamzika akiwa hai?

Basi siku ile ya ujumbe, mshauri, dada mmoja mpole aliyevaa raba nyeupe, alimgeukia mtoto na kuuliza, "Unajisikiaje siku hizi?"

"Anajisikia vizuri, ila hali," alisema shangazi.

"Anakula," bibi akasahihisha. "Juzi alikula."

"Ningependa kumsikia mwenyewe," alisema mshauri.

"Jibu basi, Meneja," alisema Mama Bucha. "Mwambie dada kichwa kinavyokuuma."

Meneja alimtazama mama yake, akasimama, akatoka na kushuka ngazi. Walimkuta getini, nyuma ya kibanda cha mlinzi. Jioni kikao kikahamia sebuleni: nani alisema nini, mshauri alikunja uso vipi, mtoto alitoka kwa adabu gani. Mtoto alikuwa chumba cha pili, na ukuta wa nyumba ile hauzuii hata chafya. Kesho yake mteja aliyekuja kununua maini aliegemea kaunta na kuuliza, "Vipi mtoto, bado haongei?" Meneja alikuwa ndani ya bucha, anafuta vigae. Aliacha kufuta.

Siku ya miadi ya pili ilipofika, Mama Bucha alikuwa anakata mifupa kwa msumeno, na mwanawe amekaa juu ya kreti nyuma ya jokofu.

"Vaa viatu, tunakwenda."

"Siendi."

"Nisikilize, mwanangu. Yule dada si wa sindano. Ni wa kuzungumza tu."

"Najua. Kule mnakwenda kuzungumza nyinyi. Nendeni."

Msumeno ulisimama. Mama Bucha alitaka kumkaripia, lakini mtoto hakuwa amesema uongo. Kumbe siku zote hizi hajakataa kusema. Amekataa kusemewa.

"Ukiingia peke yako je?"

"Halafu jioni mtaniuliza nimesema nini."

"Nani atakuuliza?"

"Wewe. Utaniuliza hata kabla hatujafika nyumbani."

Ilimuuma, tena sana, maana swali lenyewe alikuwa ameshaliandaa. Alinawa mikono, akajifuta kwenye aproni, akachuchumaa mbele ya kreti. "Sitauliza. Leo, kesho, wala siku ya harusi yako. Mdomo wangu nautia kufuli."

"Na shangazi?"

"Shangazi niachie mimi."

"Unamwogopa shangazi," alisema Meneja, na macho hayakupepesa. "Akisema kitu unasema sawa wifi, sawa wifi. Mteja unamfokea, shangazi humfokei."

Siku nyingine angekula kofi kwa ulimi ule. Mama Bucha alibaki amechuchumaa na mashavu yanamwaka. Ni kweli alimwogopa. Aliingia katika ukoo ule akinuka nyama, hana cheti wala mtu wa kumtetea, na wifi yake akamkaribisha kwa kumwonyesha sabuni ilipo. Mwanamke anayelipasua paja la ng'ombe kwa shoka alikuwa amefyata mkia kwa karani miaka yote hiyo, na mtoto alikuwa anaona.

"Vaa viatu," alisema. "Twende ukanione."

Walikwenda wawili. Bibi alibaki amenuna, na bila shaka alipiga simu, kwa sababu Meneja hakuwa amekaa mle ndani muda mrefu shangazi alipotokea kwenye korido, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni. Mama Bucha alikuwa kwenye benchi. Alipoona viatu vyeusi vya wifi yake alisimama, akauweka mgongo wake kwenye mlango.

"Mmemwacha peke yake?" aliuliza shangazi. "Na mtu baki? Pisha, wifi, niingie."

"Huingii."

Shangazi alidhani hakusikia vizuri. "Mimi ni shangazi wa mtoto."

"Na mimi ni mama yake, na sikuingia. Kaa hapa kwenye benchi, au rudi kazini."

"Nataka tujue anaficha nini. Wahenga walisema, mficha uchi hazai."

"Walisema kweli. Lakini na anayezaa hufungiwa mlango, wifi. Wewe ulipojifungua mimi nilikaa nje, kwenye benchi kama hili hili, na hukuniita nije kutazama."

Nesi aliyekuwa anapita na trei alipunguza mwendo. Karani amezoea kuuliza. Kujibiwa namna hii hajazoea.

"Nitamwambia kaka yangu."

"Mwambie. Na umwambie kabisa kwamba bweni mwanangu haendi. Akitaka kubisha, ashuke kwenye lori aje anibishie mimi."

Akaubana mgongo wake zaidi kwenye mlango.

Hapo ndipo sauti ilipotoka ndani. Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao nyepesi. Mwanzo mnong'ono, kisha kilio, kisha maneno, mengi, yanasukumana, sauti ya mtoto ambaye kwa majuma alikuwa na neno moja tu la siendi. Mama Bucha alishika kitasa bila kujua. Mwili mzima ulitaka kuingia kumkumbatia. Halafu akasikia waziwazi, "Mama yangu ndiye..."

Shangazi naye alisikia. Alitabasamu, taratibu. "Haya. Anayeanikwa humo ndani ni wewe."

Utetezi wote ulimjaa Mama Bucha mdomoni. Kwamba anaamka kabla ya jogoo. Kwamba pacha wanalia na mume yuko njiani na mikono ni miwili tu. Kwamba jina la Meneja hakulianzisha yeye, ingawa ndiye aliyelitumia kuliko wote. Alitamani kusukuma mlango aseme hayo yote, na zaidi ya hayo alitamani kutega sikio tu, kidogo, amsikie mwanawe akimaliza ile sentensi.

Aliachia kitasa. Akamshika wifi yake kiwiko, kwa mkono ule ule wa kubebea mapaja ya ng'ombe, akamtembeza korido nzima hadi mwisho kabisa, kwenye mtungi wa maji ya kunywa, mahali ambapo maneno hayafiki.

"Unakubali?" aliuliza shangazi, akisugua kiwiko. "Mtoto uliyemzaa mwenyewe akuseme kwa watu?"

"Aniseme," alisema Mama Bucha. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Aniseme mpaka amalize."